Jina la Nyumba Mpya: Asili na Safari ya Jina Xaveri

Miaka michache iliyopita mwandishi wa makala haya alikuwa Msimbati, katika rasi ya mchanga iliyo kusini-mashariki ya mji wa Mtwara, karibu na mahali mto Ruvuma unapoingia baharini. Huko mwalimu mmoja wa sekondari alimweleza habari ya kijana aliyekuwa amefaulu mtihani wake wa darasa la saba lakini akakwama nyumbani. Daftari la shule ya msingi lilimwita Shavieri. Cheti chake cha ubatizo kilimwita Xaver. Fomu ya kujiunga na sekondari ilimwita Zaveri. Ofisa mmoja aliyezikagua karatasi hizo alisema kwamba mbele yake wapo watu watatu, naye anayo nafasi ya mmoja tu. Hati ya kiapo ilitafutwa, nauli zikalipwa, na kijana akaingia darasani nusu ya muhula ikiwa imekwisha pita.

Jambo la kukumbukwa ni swali aliloliuliza kijana mwenyewe baada ya mambo kutulia: "Basi, mwalimu, katika hayo matatu lililo sahihi ni lipi?" Mwalimu hakuwa na jibu. Makala haya ni jaribio la kulijibu swali hilo kwa njia ya kisayansi, yaani kwa kulifuata jina lenyewe tangu lilipozaliwa. Tutaona kwamba halikuzaliwa katika Kiswahili, wala Kireno, wala Kijerumani, wala Kilatini. Tena mwanzoni halikuwa jina la mtu. Lilikuwa jina la nyumba.

Lugha isiyo na ndugu

Kaskazini ya Hispania na kusini-magharibi ya Ufaransa, kuizunguka milima ya Pirenei upande wa magharibi, wanaishi watu waitwao Wabaski. Lugha yao, Kibaski, ni ya pekee katika Ulaya. Kiswahili na Kimakonde ni ndugu. Mwanafunzi yeyote aweza kuuona undugu huo akilinganisha maneno ya viungo vya mwili au hesabu. Kihispania, Kireno na Kifaransa ni ndugu vilevile, kwa kuwa vyote ni watoto wa Kilatini. Kibaski hakina ndugu hata mmoja aliyethibitishwa na wataalamu wa isimu. Kilikuwapo huko kabla Warumi hawajaleta Kilatini chao, na leo bado kinasemwa na watu zaidi ya laki saba.

Katika Kibaski neno etxe maana yake ni nyumba. Herufi tx husomwa kama ch yetu, basi neno hilo hutamkwa "eche". Neno berri maana yake ni -pya. Mswahili hatapata taabu hapa, kwa sababu Wabaski, kama sisi, hutanguliza nomino na kufuatisha kivumishi: etxe berri, nyumba mpya. Majina ya mahali ya namna hii yapo pote duniani. Morogoro ipo kata iitwayo Mji Mpya. Watu wanapojenga mahali pasipokuwa na kitu, aghalabu jina la kwanza linalowajia ni lile linaloeleza upya wa mahali hapo. Nalo hubaki hata nyumba zikiisha kuchakaa.

Kwa Wabaski nyumba ilikuwa na heshima ya pekee. Mtu alitambulishwa kwa nyumba atokayo, na jina la nyumba likawa jina la ukoo. Ndiyo maana hata leo wapo watu wengi, Ulaya na Amerika ya Kusini, waitwao Etxeberria, Echeverría au Etcheverry. Wote hao, wajue wasijue, wanaitwa "Nyumba Mpya".

Jinsi Etxeberri ilivyogeuka Xavier

Katika jimbo la Navarra ilikuwapo ngome moja ya mawe iliyobeba jina hilo. Mpaka wa Kibaski na lugha zilizotokana na Kilatini ulipita karibu yake, kwa hiyo jina likasemwa na vinywa vya aina mbili kwa muda wa karne nyingi. Mabadiliko makubwa yalikuwa matatu.

Kwanza, irabu ya mwanzo ilidondoka. Jambo hili si geni kwetu: neno Marekani limetokana na neno lililoanza kwa irabu a, nasi tumeiacha irabu hiyo njiani. Pili, sauti ch ililainika ikawa sh, na katika maandishi ya zama hizo sauti sh iliandikwa kwa herufi x. Tatu, irabu e ya neno berri ilipasuka ikawa ie. Hii ilikuwa kawaida ya wasemaji wa lugha za upande huo: neno la Kilatini terra, yaani ardhi, kwa Kihispania limekuwa tierra. Irabu ya mwisho nayo ikamezwa. Hivyo Etxaberri, umbo ambalo etxe berri huchukua maneno mawili yanapoungana, likawa Xabier au Xavier, likitamkwa "Shavier".

Msomaji aweza kuuliza tunajuaje kwamba hii si hadithi ya kubuni. Jibu ni kwamba mwanaisimu hategemei mfanano wa maneno mawili peke yake. Hutazama kama mabadiliko yale yale yametokea mahali pengine. Katika jimbo jirani la Aragón vipo vijiji viitwavyo Javierre, ambavyo vimepitia njia ile ile lakini havikuimeza irabu ya mwisho. Vijiji hivyo ni kama mashahidi ambao hawakukutana kabla ya kufika mahakamani: maelezo yao yakilingana, hakimu huyaamini.

Kutoka jina la mahali hadi jina la mtu

Tarehe 7 Aprili 1506 alizaliwa katika ngome hiyo mtoto aliyeitwa Francisco. Baba yake, Juan de Jaso, alikuwa mwanasheria. Ngome ilikuwa mali ya mama yake, María de Azpilcueta. Mtoto alikuwa na umri wa miaka sita jeshi la Castilla lilipoiteka Navarra mwaka 1512, na miaka minne baadaye kuta za ngome zikabomolewa kwa amri ya watawala wapya. Francisco alikwenda kusoma Paris, akakutana na Mbaski mwenzake, Ignatius wa Loyola, na wakawa miongoni mwa waanzilishi wa Shirika la Yesu, yaani Wajesuiti, lililokubaliwa rasmi mwaka 1540. Hata alipokuwa mbali na kwao hakuisahau lugha yake: katika barua aliyoiandika kutoka India mwaka 1544 alieleza kwamba hakuelewana na wenyeji kwa kuwa wao walikuwa na lugha yao, naye lugha yake mwenyewe ilikuwa Kibaski.

Enzi hizo hakuna aliyeitwa Xavier kama jina la kubatiziwa. Jina la mtu huyu lilikuwa Francisco. Xavier lilieleza atokako tu, yaani Francisco wa Nyumba Mpya. Alifariki tarehe 3 Desemba 1552 katika kisiwa cha Shangchuan, karibu na pwani ya China, na Kanisa Katoliki likamtangaza mtakatifu tarehe 12 Machi 1622. Tangu hapo wazazi Wakatoliki walianza kuwapa watoto majina yote mawili pamoja, Francisco Xavier, ili kumtofautisha na watakatifu wengine wenye jina la Francisco. Baadaye sehemu ya pili ikajitenga na kusimama peke yake. Jina la nyumba likawa jina la mtoto.

Watu wa pwani wanao mfano wao wenyewe wa jambo hili. Sheikh Abdulkadiri Jilani, aliyefariki Baghdad mwaka 1166, aliitwa Jilani kwa sababu asili yake ilikuwa Gilan, jimbo la Uajemi lililo kando ya bahari ya Kaspi. Tarika ya Kadiria inayonasibishwa naye ilienea katika pwani yetu mwishoni mwa karne ya 19, na mmoja wa waliofanya kazi kubwa ya kuieneza ni Sheikh Uways wa Barawa, aliyeishi kuanzia mwaka 1847 hadi 1909. Leo mtoto wa Kiswahili aweza kuitwa Jelani au Jailani, na wazazi wake wasifikirie hata kidogo habari ya jimbo la Gilan. Hapa nako mahali pamekuwa mtu, na kilichoyafanya hayo ni mapenzi ya watu kwa mtu mmoja waliyemheshimu. Jelani na Xaveri, waketipo dawati moja, majina yao yana historia ya namna moja.

Mtu aliyepita bila kutua

Hebu sasa turudi Msimbati na kuitazama bahari. Francisco aliondoka Lisbon tarehe 7 Aprili 1541, siku alipotimiza miaka 35, pamoja na gavana mpya wa Wareno aliyekuwa akienda India. Walifika kisiwa cha Msumbiji mwezi Agosti mwaka huo wakiwa na wagonjwa wengi, wakakaa huko miezi kadhaa wakingojea majira ya pepo. Mapema mwaka 1542 alipanda tena chombo, akafika Malindi, kisha Sokotra, na tarehe 6 Mei akatia nanga Goa.

Atokaye kisiwa cha Msumbiji kwenda Malindi hana budi kuipita bahari iliyo mbele ya mlango wa Ruvuma, ama kwa karibu ama kwa mbali. Kwa hiyo yule aliyelibeba jina hili aliipita pwani ya Mtwara miaka 480 na zaidi iliyopita. Lakini jina halikushuka naye. Upande huu wa mto lilikuja kufika zaidi ya miaka 340 baadaye. Tena halikutoka baharini moja kwa moja, bali lilishuka kutoka bara, likiwa limepitia Ujerumani ya kusini.

Njia zilizolileta

Jina hili lilifika Afrika ya Mashariki kwa njia zaidi ya moja, nazo zote zinastahili kujulikana.

Njia ya kwanza ni ya Wareno. Ng'ambo ya Ruvuma, katika nchi ambayo sasa ni Msumbiji, jina lilikuja katika umbo la Kireno, Xavier, nalo hutamkwa kwa sh. Mto haukuwahi kuwatenga watu wa kingo zake mbili. Wamakonde wapo pande zote, na wakati wa vita ya ukombozi ya Msumbiji, kuanzia 1964 hadi 1974, watu wengi walivuka kutoka Cabo Delgado na kuja Mtwara. Mtu akivuka, jina lake huvuka naye. Baba wa kijana wetu alivuka hivyo; na mwalimu wa shule ya msingi aliandika alichokisikia: Shavieri.

Njia ya pili ni ya Wabenedikto wa Mtakatifu Ottilien, shirika ambalo makao yake yako Bavaria, kusini mwa Ujerumani. Watawa hao walifika Pugu mwaka 1888. Wakaanzisha misheni ya Lukuledi mwaka 1895, Nyangao 1896, Peramiho 1898 na Ndanda 1906. Katika Bavaria na Austria jina Franz Xaver lilikuwa la kawaida mno. Hata mtoto wa mwisho wa Mozart, mtunzi mashuhuri wa muziki, aliyezaliwa mwaka 1791, aliitwa hivyo. Wajerumani huisoma herufi x kwa sauti ks, basi kwao jina ni "Ksaver".

Njia ya tatu ni ya Wagoa. Masalio ya Francisco yamehifadhiwa Goa, katika kanisa la Bom Jesus, na Wagoa Wakatoliki humheshimu sana. Wakati wa ukoloni Wagoa wengi walifanya kazi za ukarani na ufundi Zanzibar, Mombasa, Nairobi na Dar es Salaam, wakawa nalo jina hili katika ofisi na shule ambamo Kiingereza kilitawala. Waingereza huianza x kwa sauti z.

Magharibi ya mbali, Kongo ya Mashariki, wamisionari waliosema Kifaransa walilieneza pia. Katika miaka ya 1950 kilianzishwa Bukavu chama cha vijana Wakatoliki kiitwacho Xaveri, nacho kikaenea hadi nchi jirani.

Irabu i iliyo mwishoni mwa Xaveri ina maelezo yake. Vitabu vya ubatizo viliandikwa kwa Kilatini, na humo mtakatifu huyu aliitwa Xaverius. Wasemaji wa Kiswahili waliyakata majina ya Kilatini mahali pamoja: Antonius amekuwa Antoni, Bonifacius amekuwa Bonifasi, Ignatius amekuwa Ignasi. Xaverius amekuwa Xaveri kwa kanuni hiyo hiyo. Tuangalie, lakini, tusifikirie kwamba kila jina lililobebwa na Mbaski ni la Kibaski: Ignatius ni jina la Kilatini ambalo Íñigo wa Loyola alilichukua ukubwani.

Herufi moja, sauti nyingi

Wakazi wa mlango wa Ruvuma wanajua kwamba sauti moja yaweza kuandikwa kwa namna mbili. Mji mdogo ulio kusini ya mto sisi twauandika Kionga. Wareno huuandika Quionga. Mto wenyewe huku ni Ruvuma, kule ni Rovuma. Katika jina letu mambo yako kinyume: herufi ni moja, sauti ni nyingi. Herufi x ya Xavier husomwa hivi:

Kibaski: sh, kama katika shamba.
Kireno: sh, kama katika shamba.
Kijerumani: ks.
Kiingereza: z, kama katika zawadi.
Kiitaliano: s, nao huandika kabisa Saverio.
Kihispania: kh, kama katika kheri, nao sasa huandika Javier.

Kuhusu Kihispania, sauti sh ya zamani ilibadilika kuwa kh katika karne za 16 na 17, na baadaye tahajia ikafuata. Jina la nchi ya Mexico limebaki na x yake ya kale, ijapokuwa Wahispania hulitamka kwa kh.

Kiswahili sanifu hakina herufi x, wala neno la asili ya Kiswahili halianzi kwa sauti ks. Kwa hiyo msemaji anayo hiari. Akiyashika maandishi, ataandika Xaveri. Akiiandika sauti ya Kijerumani, ataandika Ksaveri. Akiuondoa mkusanyiko wa konsonanti, atasema Saveri. Akifuata Kiingereza, atasema Zaveri. Hakuna uzembe katika lolote kati ya hayo. Kila umbo ni mwangwi wa mlango ambao jina liliingilia.

Jina na sajili

Huenda wapo watakaosema kwamba mambo haya ni ya wataalamu tu. Historia ya Wabaski wenyewe yaonyesha sivyo. Mwaka 1938, wakati wa vita ya wenyewe kwa wenyewe katika Hispania, serikali ya Jenerali Franco ilipiga marufuku majina ya Kibaski katika sajili za uzazi. Mtoto aliyeitwa Xabier nyumbani alipaswa kuwa Javier katika karatasi. Jina lililozaliwa katika Kibaski likawa haliruhusiwi kuandikwa Kibaski katika nchi yake yenyewe. Franco alifariki mwaka 1975, na sheria ya mwaka 1977 ikawarudishia wazazi haki ya kuyaandika majina katika lugha zao. Leo Xabier ni jina la kawaida huko.

Kwetu hakuna aliyempiga marufuku kijana wa Msimbati. Hata hivyo karani asiyeuliza aweza, bila kukusudia, kufanya kazi ile ile ya amri kali: kumwambia mtu kwamba jina lake si lake.

Sasa tunaweza kulijibu swali la kijana. Ukiuliza ni umbo lipi lililo karibu zaidi na la asili kwa sauti, jibu ni Shavieri, lile ambalo huenda ofisa aliliona kuwa la kishamba kuliko yote. Wakazi wa ng'ambo ya Ruvuma huianza sauti ya jina hili kama ilivyoanzwa katika ngome ya Navarra miaka mia tano iliyopita, na Wahispania wenyewe wameiacha. Ukiuliza ni lipi lililohifadhi maandishi ya kale, jibu ni Xaver. Na Zaveri ni sahihi kwa kanuni za Kiingereza kilichotumika ofisini. Isimu haiwezi kumchagulia kijana. Yaweza tu kumhakikishia kwamba katika hayo matatu hakuna kosa, na kwamba hayo yote ni jina moja.

Lakini kutokuwapo kosa hakuondoi haja ya utaratibu. Cheti hakiwezi kubeba majina matatu. Mwalimu anayeandikisha mwanafunzi afanye mambo mawili mepesi: amwulize mwenye jina na wazazi wake walitamkaje na waliandikaje, kisha umbo hilo lishikwe katika kila karatasi, herufi kwa herufi, tangu darasa la kwanza. Dakika tano za mwalimu siku ya kwanza zaweza kuokoa nusu ya muhula wa mtoto.

Zoezi kwa wanafunzi

1. Kusanyeni majina ya darasa lenu. Yapangeni katika makundi: majina yaliyotokana na mahali, na yale yaliyotokana na wakati wa kuzaliwa, matukio, dini au mababu.

2. Chagueni majina matano yanayoandikwa kwa namna zaidi ya moja. Waulizeni wazee yalifikaje katika ukoo, kisha elezeni kila tahajia imetokana na lugha gani.

3. Yohana, Yahya, João na John yana asili moja. Tumieni njia iliyoelezwa katika makala haya kuonyesha ni sauti zipi zilizobadilika, na ni jina lipi kati ya hayo ambalo lingeandikwa kila upande wa Ruvuma.